Wimbo wa Mtoto Ndio Fundisho la Kwanza

Ndugu zangu na dada zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie nyimbo katika ibada ya Kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na walionisikia mwaka jana wanajua tayari nitaelekea wapi. Dada mmoja pale mbele ameshaanza kutabasamu. Nitarudia yale yale, na nitaendelea kuyarudia mpaka siku nitakayoingia kwenye chumba cha Msingi, yaani chama chetu cha watoto, Jumapili nikute mambo yamebadilika.

Tunapokaa kupanga miito, yaani kazi za kujitolea, katika kata au tawi, yaani usharika mkubwa au mdogo, kiongozi wa muziki wa Msingi ndiye wa mwisho kufikiriwa. Tunatafuta kwanza rais wa Muungano wa Usaidizi, chama cha akina mama, karani, mwalimu wa Shule ya Jumapili, mshauri wa huyu na wa yule. Mwishoni kabisa, watu wameshaanza kufunga mikoba, mtu anauliza, "Na nyimbo za watoto?" Anatajwa yeyote aliyebaki. Mwenye sauti nzuri tulishampeleka kwaya, na anayejua kinanda tumempa mkutano wa sakramenti, ile ibada kuu ya Jumapili. Watoto wanaachiwa simu yenye muziki uliorekodiwa na mtu mzima anayetazama saa.

Huko ni kupindua mambo. Kanisa letu halina wachungaji wa mshahara. Anayesimama kuhubiri Jumapili ni fundi umeme, ni muuguzi, ni mama wa duka, ni kijana wa miaka 14 anayetetemeka magoti. Hotuba zao tunazipenda, na wiki ijayo tutakuwa tumezisahau, ndivyo kumbukumbu ya binadamu ilivyo. Lakini alichokiimba mtoto akiwa na miaka mitano atakuwa nacho akiwa na miaka sabini. Waislamu wa pwani wanalijua jambo hili kuliko sisi: mtoto wa madrasa anaimba kaswida barabara kabla hajaweza kukueleza maana yake, na hakuna mwalimu wa madrasa anayesema kaswida ni ya kupotezea muda.

Sasa twende Farmington, Utah, mwaka 1878. Najua wengi mmeisikia habari hii, lakini tunaisimulia nusu nusu, tena ile nusu iliyo tamu ndiyo tunayoiacha.

Aurelia Spencer Rogers alikuwa mama wa nyumbani mwenye watoto wengi. Yeye mwenyewe alifiwa na mama yake mwaka 1846, wakati Watakatifu, waumini wetu wa mwanzo, walipokuwa wakikimbia kutoka mji wao wa Nauvoo, Illinois. Baba yake, Orson Spencer, akatumwa umisionari Uingereza. Mwaka 1848 Aurelia na ndugu zake wakavuka nyanda zile ndefu mpaka bonde la Salt Lake bila baba wala mama, yeye akiwa binti wa miaka 13. Kwa hiyo mama huyu alijua mtoto asiye na wa kumwangalia anakuwaje. Miaka thelathini baadaye, akiwa Farmington, aliwaona wavulana wa mji wakizurura usiku, wakorofi, hawana adabu, na wazazi wako shambani au wamechoka. Akamuuliza Eliza R. Snow, aliyekuwa akiwasimamia akina mama wa Kanisa, kama haiwezekani kuanzishwa chama cha wavulana wadogo wafunzwe wawe wanaume wema. Eliza akalifikisha jambo hilo kwa John Taylor, aliyeongoza Akidi ya Mitume Kumi na Wawili, akakubali. Askofu wa Farmington, John W. Hess, akampa Aurelia wito wa kuongoza.

Hapo ndipo wasimulizi wetu wanaporuka. Chama kilikuwa cha wavulana, maana wavulana ndio waliokuwa wakisumbua mji. Aurelia akakaa akatafakari, akaona kuna kitu kimepungua: watoto hawa lazima waimbe, na uimbaji hautasikika inavyopasa bila sauti za wasichana. Akaandika barua kuuliza kama wasichana nao waitwe. Akajibiwa ndiyo. Tarehe 25 Agosti 1878, watoto zaidi ya mia mbili wakakusanyika katika kanisa la mawe la Farmington, wavulana na wasichana pamoja.

Msikie vizuri hapo. Wasichana wa Kanisa hili, wa Farmington mpaka wa Mombasa na Lubumbashi, waliingia Msingi kwa mlango wa wimbo. Kila binti anayekaa kwenye kile kiti kidogo cha plastiki Jumapili anakaa pale kwa sababu mama mmoja alitaka nyimbo zisikike vizuri.

Najua kuna ndugu hapa anajisemea moyoni: "Mwalimu, hiyo ilikuwa sababu ndogo tu, ya urembo wa sauti." Ndugu yangu, ndiyo maana nakwambia! Aurelia alikuwa na sababu chungu nzima za kutumia. Angeweza kusema wasichana nao wana roho, au wasichana nao ni wakorofi, maana nao wapo. Iliyomjia kwanza ni kwamba watoto wakikutana mbele za Bwana wataimba, na wakiimba waimbe vizuri. Kwake yeye uimbaji ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, tena uzito wake ulitosha kubadilisha orodha ya walioalikwa. Sisi leo uzito wake hautoshi hata kumtoa mwimbaji mmoja mzuri kwenye kwaya!

Eliza R. Snow naye hakuishia kwenye kutoa ruhusa. Mwaka 1880 alikusanya kitabu cha nyimbo kwa ajili ya watoto wale. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, mshairi mkubwa kuliko wote tuliokuwa nao, akakaa kuwachagulia watoto nyimbo. Hakusema waimbe zozote zilizopo.

Turudi nyuma kidogo. Kanisa liliundwa tarehe 6 Aprili 1830. Mwezi Julai mwaka huo huo, hekalu hakuna, jengo hakuna, waumini wachache wanaosumbuliwa na majirani, Bwana anampa Emma Smith, mke wa nabii Joseph Smith, kazi ya kuchagua nyimbo takatifu. Sehemu ya 25 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha mafunuo, mnaijua, sihitaji kuisoma: wimbo wa wenye haki ni sala, na hujibiwa kwa baraka. Miezi mitatu tu! Kabla ya vigingi, yaani majimbo yetu, kabla ya misheni za nje, nyimbo. Kitabu kilichelewa, kwa sababu Julai 1833 kundi la watu wenye hasira lilivunja kiwanda cha uchapaji kule Independence, Missouri. Kikatoka Kirtland, Ohio, kikiwa na mwaka 1835 kwenye jalada, nyimbo 90, maneno matupu bila noti hata moja. Uliimba kwa sauti yoyote uliyoijua ambayo maneno yanaikaa.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ninaloulizwa kila mahali hapa kwetu: kwamba nyimbo zetu ni baridi, ni za kizungu, jirani wa kanisa la pili anapiga ngoma na sisi tumekaa. Nitasema kwa kifupi. Watakatifu wa kwanza walichukua sauti kokote. Wimbo wa W. W. Phelps wa kumsifu nabii aliyeuawa, Joseph Smith, unaimbwa kwa sauti ya wimbo wa kienyeji wa Scotland. William Clayton, mwaka 1846, akiwa njiani Iowa, alipata habari kwamba mkewe Diantha amejifungua mtoto wa kiume kule nyuma Nauvoo, akaandika maneno ya wimbo wake juu ya sauti ambayo watu walikuwa wanaimba tayari. Kwa hiyo sauti ya kwetu haina dhambi. Lakini kabla hujaniletea ngoma, nionyeshe watoto wa tawi lako wanaojua beti zote tatu za wimbo mmoja kwa moyo. Tukifika hapo tutazungumza ngoma, na nitakuwa upande wako.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Watu wanasema mafundisho yako kwenye maandiko, nyimbo zinapamba tu. Nawauliza: mlijuaje kwamba tuna Mama mbinguni? Fungueni maandiko mnitafutie mstari unaolisema wazi. Fundisho hilo tulilipata kwa shairi la Eliza R. Snow, lililochapishwa Nauvoo mwaka 1845, na Watakatifu wakaliimba vizazi na vizazi, kwenye mazishi, kwenye harusi, jikoni. Tangazo la viongozi wa Kanisa kuhusu familia, la mwaka 1995, lilipotaja wazazi wa mbinguni, hakuna muumini aliyeshtuka. Tulikuwa tumeliimba kwa miaka mia moja na hamsini.

Na mwaka 1957 Naomi W. Randall aliandika maneno ya "Mimi ni Mtoto wa Mungu," Mildred T. Pettit akayatia muziki, kwa ajili ya mkutano wa Msingi. Wimbo wa watoto kabisa. Chukua yaliyomo: nilikuwa kwa Mungu, amenileta hapa, amenipa nyumba na wazazi, nahitaji kuongozwa, nikitii nitarudi kuishi naye. Mpango wote wa wokovu huo, na mtoto wa miaka minne anaubeba mgongoni mwa sauti rahisi. Kitabu cha nyimbo cha watu wazima cha mwaka 1985 kiliuchukua, namba 301. Nimeona wazee wa akidi, yaani kundi letu la wanaume, wanaoshindwa kueleza fundisho la maisha kabla ya kuzaliwa bila kugongagonga maneno, na wote wanaimba wimbo huu macho yamefumbwa.

Sasa niwaonyeshe kazi inavyofanyika, maana wengine mnadhani ni kupiga makofi. Nilimtazama dada mmoja katika tawi dogo lisilo na kinanda. Alikuwa na karatasi ya manila, kalamu ya wino mzito na watoto kumi na kitu. Ubeti ameuandika kwa herufi kubwa. Hakuwaambia waimbe. Aliimba yeye mstari wa kwanza, mkono wake ukipanda sauti ikipanda, ukishuka sauti ikishuka, kiganja kimelala kama amekishika juu ya maji. Akauliza swali moja: "Nimeimba kwamba ni nani aliyetuma?" Ili wajibu ilibidi wasikilize, kwa hiyo akaimba tena. Mara ya tatu midomo yao ikaanza kwenda yenyewe. Ndipo akachukua vipande vya karatasi akafunika neno moja moja, kila wakiimba anafunika jingine, mpaka manila yote ikawa imefunikwa na watoto wanaimba kwa nguvu kuliko mwanzo. Kuna mvulana mmoja aliyekuwa chini ya kiti tangu mwanzo. Neno la mwisho lilipofunikwa alitoa kichwa akalisema, maana alikuwa analijua!

Dakika 20. Ndizo tulizo nazo za nyimbo tangu ratiba ya ibada ya muda wa saa mbili ilipoanza Januari 2019. Dada yule hakupoteza hata moja, na alijiandaa Jumamosi, jikoni kwake, sufuria ikiwa jikoni. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kuokota aliyebaki.

Naona napewa ishara ya muda. Nilikuwa nataka kusema mengi juu ya kwaya, niyaache. Kwaya ya Tabernacle, kwaya kuu ya Kanisa, iko hewani tangu 1929, sauti zake tunazipenda, lakini hakuna anayekuwa mfuasi wa Kristo kwa kusikiliza wengine wakiimba. Jioni ya familia nyumbani nayo nitaigusa tu: nendeni mkaimbe, hata kama baba hajui sauti. Baba asiyejua sauti akiimba, mtoto anapata ushahidi kwamba mambo haya ni ya kweli kwa baba.

La kitabu kipya cha nyimbo cha Kanisa siwezi kuliacha. Mlisikia tangazo la 2018, na nyimbo za kwanza 13 zimetoka Mei 2024, nyingine zinafuata kidogo kidogo. Nyimbo za ibada na za watoto zinawekwa pamoja katika kitabu kimoja, cha nyumbani na kanisani, na namba zitafanana katika kila lugha. Kwa hiyo ile hoja kwamba hizi ni za kitoto na zile ni za watu wazima imeshaondolewa na viongozi wenyewe. Nani atakayesimama hapa aniambie wimbo wa watoto haufai kwenye mkutano wa sakramenti?

Ninachowaomba maaskofu na marais wa matawi waliomo humu ni kitu kimoja, na mkifanye kabla ya Jumapili ijayo. Chukueni orodha ya miito. Mtafuteni mtu anayeimba vizuri kuliko wote katika kata yenu, yule ambaye kwaya italalamika ikimkosa, mkamwombee, mkampe Msingi. Kwaya ikilalamika, mwambieni kiongozi wake anipigie mimi.

Haya, maswali. Ndugu mwenye shati la buluu, wewe ulinyoosha mkono nilipotaja ngoma, anza wewe.