Sukari Kushuka Miaka Kadhaa Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Tazameni Saa

Assalaam alaykum mama zangu, baba zangu na ndugu zangu wote wa Chake Chake.

Mada ya leo inawahusu watu wachache, lakini wanateseka bila ya kufahamiwa. Ni wale waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, wakapungua kweli, na hospitali wakaisahau. Kisha baada ya mwaka, miwili, mitatu au zaidi, wanaanza kutetemeka, jasho jembamba linawatoka, moyo unakwenda mbio, maneno yanawapotea. Wakipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, iko sawa, wanaambiwa hawana kitu. Kosa liko kwenye saa ya kupima.

Tuanze na tumbo lenyewe. Katika upasuaji wa aina moja, daktari hutenga kifuko kidogo cha juu, cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, akakiunga na utumbo mwembamba. Katika aina ya pili, robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa, likabaki jembamba kama mrija. Tumbo zima hukitoa chakula kidogo kidogo kwa mlango wake wa chini. Aliyeungwa utumbo, chakula chake hakipiti tena mlango ule. Huteremka kwa mkupuo. Sukari ya damu hupanda kwa kasi, utumbo humwaga homoni, hasa ile iitwayo GLP-1, na kongosho hujibu kwa insulini, ile inayoshusha sukari, nyingi kupita kiasi. Sukari ya chakula imekwisha kuingia, insulini bado inafanya kazi. Hapo, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari huanguka, pengine chini ya milimoli 3.0 kwa lita. Hata aliyebakishiwa mrija hupatwa na hali hii, ila kwa uchache.

Mtazameni mtu huyu katika mwezi wa Ramadhani. Amefuturu saa kumi na mbili na nusu: tende tatu ndogo, glasi ya juisi ya miwa, bakuli la tambi za sukari. Tende zile zina kama gramu 17 za wanga, yaani kile kinachogeuka sukari mwilini, juisi 30 au zaidi, na tambi bado hatujazihesabu. Saa mbili usiku yuko kwenye tarawehe, mikono inatetemeka, macho yanaingia kiza. Akirudi nyumbani anapewa chai ya sukari nyingi, anapata nafuu, na baada ya saa mbili anaanguka tena. Ile chai imemfungulia mzunguko mpya. Wengine huzungumza ovyo au hudegedeka, na jamaa wakasema kapandwa na sheitani. Nawaomba sana, mchomeni kidole kwanza, mpime sukari.

Kwa hiyo pimeni dalili zinapokuja, muandike saa, chakula na namba. Mambo matatu yakikutana, yaani dalili, sukari ya chini iliyopimwa wakati huohuo, na nafuu baada ya kupandisha sukari, daktari ana pa kuanzia. Kipimo cha kunywa maji ya glukosi hakifai hapa, kwani kinaweza kumwangusha mtu vibaya. Hutumika mlo wa kawaida wa kipimo. Na ikiwa sukari inashuka usiku wa manane au asubuhi kabla hujala, hilo ni jambo jingine, linataka uchunguzi wake haraka. Anayeendelea na insulini au glibenklamidi za kisukari cha zamani, dawa hizo ndizo za kuulizia mwanzo.

Tiba ya kwanza iko sahanini. Wanga usizidi kama gramu 30 kwa mlo. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina kama gramu 45, basi theluthi yake ni 15. Anza na samaki, yai au kuku, kisha mboga, wali uje mwisho. Mbaazi na choroko ni bora kuliko boflo na maandazi. Tafuna polepole, kula kidogo kila baada ya saa tatu au nne, na maji yanywe nusu saa kabla au baada ya chakula, kwa sababu maji hukisukuma chakula chini upesi. Juisi ya miwa, soda na halua, kwa mtu huyu, si za kupunguza; ni za kuacha. Anayetaka kufunga azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Sukari ikishuka, chukua gramu 15, sawa na vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari. Subiri dakika 15, upime. Ikishapanda, kula yai au konzi ya karanga ili isirudi chini. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali. Dereva wa daladala asimamishe gari mara tu anapohisi jasho.

Chakula kisipotosha, daktari huweza kuandika dawa iitwayo akabosi, inayomezwa na tonge la kwanza ili wanga usagike taratibu. Lakini anayetumia akabosi, sukari ya mezani haimpandishi haraka, kwa kuwa dawa inazuia isivunjwe. Huyo awe na unga wa glukosi kutoka duka la dawa, tena mfukoni, na wa nyumbani kwake wajue upo mfuko gani.