Kisiki cha Miaka Elfu katika Msitu wa Bradfield

RUKIA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tulipanga kuwapa mwongozo wa kutembelea msitu mdogo wa mashambani nchini Uingereza, hasa ninyi mnaotuandikia kwamba wikendi zenu zote huishia madukani. Jumamosi iliyopita nilikwenda Bradfield, kusini-mashariki ya mji wa Bury St Edmunds katika jimbo la Suffolk, pamoja na jirani yangu anayejitolea kufanya kazi huko wakati wa baridi.

BAKARI: Na tangu Jumamosi hiyo, kila aliponipigia simu alikuwa na habari moja tu, kisiki. Bi Rukia, tuanze na msitu wenyewe. Kisiki kitafika chenyewe.

RUKIA: Msitu huo una hekta zipatazo 80, nao umezungukwa na mashamba, kiasi kwamba ukiwa mbali unaona tu mstari wa miti juu ya ngano. Ulikuwa mali ya watawa wa abasia ya Bury St Edmunds, na kumbukumbu za tangu mwaka 1252 zinaonyesha kwamba miti yake ilikuwa ikikatwa kwa zamu. Kila msimu wa baridi hukatwa kipande kimoja, mti baada ya mti, karibu kabisa na ardhi, kisha kipande hicho huachwa kichipue. Miti ya hezeli hurudiwa baada ya miaka kama 10, na ile ya eshi huweza kusubiri hadi miaka 25. Hezeli ilitoa fito za kusukia nyua na kuta, ambazo zilikandikwa udongo kama nyumba zetu za pwani, na eshi ilitoa mipini ya majembe na reki.

BAKARI: Kwa hiyo tangu zama za watawa hadi leo kazi ni ile ile?

RUKIA: Ni ile ile, ingawa ilikaribia kukoma. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya upande uitwao Monks' Park iling'olewa ili pawe mashamba, wakazi wakapinga, na mwaka 1970 kilichosalia kikanunuliwa kwa ajili ya uhifadhi. Ndiyo maana nilipita hapo kwa moyo mzito na wa shukrani kwa pamoja. Katika kipande kilichokatwa karibuni jua linafika ardhini, na maua ya oksilipi, yenye rangi ya njano hafifu, yametanda kati ya visiki. Ua hilo nchini Uingereza huota hasa katika misitu ya kale ya upande huu wa mashariki. Ukivuka hatua chache ukaingia kipande ambacho hakijaguswa kwa miaka mingi, kivuli ni kizito na maua ni ya kuhesabu.

BAKARI: Sasa sema kisiki, maana naona hutulii.

RUKIA: Ni cha mti wa eshi, kaka yangu. Si kisiki cha kukalia. Kimetanuka mwaka hadi mwaka hadi katikati yake pameoza na kubaki wazi, na ukingo wake umekuwa pete ya vigogo vilivyovaa kuvu na majani ya kijani, upana wake ukizidi mita 5 kutoka upande hadi upande. Juu ya pete hiyo zimesimama fito nyororo, zimenyooka. Jirani yangu alinionyesha jeraha la mkato wa zamani, nikaligusa: limekatwa kwa mshazari, likiangalia nje, ili maji ya mvua yatiririke yasituame na kuozesha kuni iliyo hai. Marehemu Oliver Rackham, mtaalamu wa Cambridge aliyeichunguza misitu hii kwa miaka mingi, alikadiria kwamba kisiki hicho kina umri wa miaka 1,000 au zaidi.

BAKARI: Hapo ndipo ninapokwama. Hakuna ufito hata mmoja uliofikisha miaka 30, na mbao za katikati zimekwisha oza. Kilicho na miaka 1,000 ni kipi hasa?

RUKIA: Ni uhai wenyewe, ambao haujawahi kukatika. Mizizi imejifanya upya pole pole huku ikilisha fito, na fito zikailisha mizizi. Na zingatia jambo hili: eshi iliyoachwa ikue bila kukatwa kwa kawaida huishi karne mbili au tatu, kisha huoza moyo na kuangushwa na upepo. Shoka ndilo lililokiongezea kisiki hiki umri.

BAKARI: Sikubaliani nawe, dada yangu, na nasema hivyo kwa dhati. Mimi nimekulia Kwale, karibu na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Mgeni akiingia mle hufungwa kaniki kiunoni, na haruhusiwi kutoka hata na jani moja. Misitu ya kaya za Wamijikenda ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, kulikuwa bado na msitu wa kuorodhesha kwa sababu wazee walikuwa wamezuia panga. Kule Bradfield watawa walitaka mipini, wakakata. Maua yalikuja baadaye kama bahati, na sasa bahati hiyo inatumiwa kama hoja ya kuendelea kukata.

RUKIA: Lakini kaya haikuwahi kukatwa kwa zamu, kwa hiyo viumbe wake ni wale wanaopenda kivuli. Bradfield imekatwa kwa zaidi ya karne saba, na viumbe wake wamejipanga kwa mwanga unaokuja na kuondoka. Kuna panyamiti wadogo wanaolala majira yote ya baridi, wanaohitaji vichaka vya umri tofauti vilivyoungana. Ukiacha kukata, unawafukuza.

BAKARI: Kabla ya shoka walikuwa wanaishi wapi?

RUKIA: Kulikuwa na ng'ombe mwitu, nguruwe mwitu na biva, wale wanyama wa mtoni wanaoguguna miti, waliofungua nafasi kwa kula na kuangusha miti. Hawapo Bradfield leo.

BAKARI: Basi warudishwe. Biva wamekwisha anza kurudishwa katika mito kadhaa ya Uingereza.

RUKIA: Katika hekta 80 zilizozingirwa na ngano? Wanyama wakubwa watatoka siku ya pili waingie shamba la mtu. Hata wale walioko sasa ni tatizo, kwa sababu kulungu wadogo wa asili ya China waitwao muntijaki, ambao mababu zao walitoroka bustani ya wanyama ya Woburn mapema katika karne ya 20, hula machipukizi yote yasipozungushiwa ua.

BAKARI: Umenisaidia hoja. Chipukizi linalohitaji ua ili liishi linatuambia kwamba mkato umeuacha mti bila kinga. Kuna jambo zito zaidi: ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya eshi, uliothibitishwa nchini humo mwaka 2012. Wataalamu wa misitu wanatahadharisha dhidi ya kukata eshi iliyokwisha kuugua sana, kwa kuwa machipukizi mapya hudhoofika upesi kuliko mti mkubwa. Shoka lililookoa jana leo linaweza kuua.

RUKIA: Hilo ni la eshi, si la hezeli wala la msitu mzima, na hata wanaokata huchagua. Kisiki changu kilikuwa na majani mapya, niliyaona kwa macho yangu.

BAKARI: Nami nasema kiachwe, kikue kinavyotaka, hata kama kitaanguka. Mti unaoanguka nao hulisha uyoga na mende kwa miaka.

RUKIA: Nami nasema kikatwe zamu yake ikifika. Hapo sitakufuata, kaka Bakari.

BAKARI: Wala mimi sitakufuata. Tumebakiwa na muda mchache sana, na mwongozo hatujaugusa. Tuliahidi mavazi, usafiri na haki ya kupita.

RUKIA: Nitasema la haki ya kupita. Sheria ya mwaka 2000 ilifungua milima, nyika na ardhi za wazi kwa wapita kwa miguu, lakini misitu mingi haimo, kwa hiyo fuateni njia zilizowekwa alama au misitu iliyo wazi kwa umma, kama Bradfield. Mavazi: suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, kwa sababu kupe wa huko wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, na viatu vya...

BAKARI: Fundi mitambo anatuonyesha mkono. La usafiri tutaliandika katika ukurasa wa kipindi. Wenye visiki vyao, tuandikieni, mseme pia kama vinakatwa au vimeachwa.

RUKIA: Na mseme ni vya mti gani.