Kabla ya Kuwa Shisti

Mabibi na mabwana, naanza na lilelile mlilochoka kulisikia kwangu. Mtu anafika Ukanda wa Shaba wa Zambia, anaokota jiwe linalometameta ulanga, yale madini ya vibamba vyembamba vinavyong'aa, anaandika "shisti" daftarini, yaani mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo, anaondoka. Ametuambia nini hapo? Kwamba jiwe limepikwa. Kabla ya kupikwa lilikuwa nini?

Chukueni Nchanga, kwenye machimbo ya shaba hukohuko Zambia. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini graniti nyekundu ya pale ilipanda ingali ya moto, ikapenya mashapo ya Roan, yale matabaka ya kale yenye shaba, na kuyaletea shaba hiyo. Hadithi tamu sana. Mwaka 1951 wanajiolojia Garlick na Brummer wakaivunja, na hoja yao hata mtoto anaielewa. Graniti ikipenya mashapo, hutuma mishipa ndani yake na kuyaunguza. Pale hakuna mshipa wake unaoingia Roan. Badala yake, Roan imelala juu ya graniti iliyokwisha kumomonyoka, na tabaka zake za chini zimejaa chembe zilizomeguka humohumo. Jamani, chembe huzaliwaje kabla ya mwamba zilikomeguka? Baadaye zirkoni za graniti hiyo, punje ndogo za madini zinazotunza umri wa mwamba, zikapimwa: takriban miaka milioni 880. Basi bonde la ufa la kale, lile lililopokea mashapo ya Roan, lilianza kujaa baada ya hapo.

Yupo atakayesema milima ilipojikunja, joto lilifuta kila kitu. Halikufuta! Ni kweli, karibu miaka milioni 530 iliyopita bamba la Kongo na la Kalahari, vipande vikubwa vya kale vya ganda la dunia, yalikuwa yamebanana, na matabaka yakakunjwa vibaya. Lakini joto hupanga upya madini tu, asili ya jiwe bado inasomeka. Tope likawa ulanga, na mchanga ukabaki kwazi. Unene nao haudanganyi: Roan ya chini inanenepa na kukonda ghafla katika umbali mfupi, kwa sababu sakafu ya bonde ilikuwa imekatikakatika kwa mipasuko, upande mmoja umedidimia kuliko mwingine. Pimeni unene! Nimesema hadi sauti imekauka.

Chumvi za upande wa Kongo, zilizoyeyuka na kuacha mabonge ya mawe yaliyovunjikavunjika, nazipita. Ulizeni kwenye maswali.

Na shaba je? Wengi wetu tunakubali kwamba maji ya chumvi yaliichota kwenye miamba myekundu ya chini, yakapanda kwa mipasuko ileile ya ufa, yakaimwaga yalipokutana na tabaka zenye mabaki ya viumbe. Anayetafuta shaba aanze kwa kuchora mipasuko hiyo, halafu ndiyo achimbe.