Lazima na Inafaa: Usalama wa Visima vya Kuhifadhia Gesi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, mafundi wa visima, na ninyi vijana mnaosomea uhandisi hapa Arusha, habari za asubuhi. Nawashukuru mliotoka Usa River na Ngaramtoni na mvua hii.

Nimekuja na kipande cha bomba. Kianzie huku mbele, kipite kila mkono. Ni kesingi ya chuma, lile bomba linalovishwa shimo ili lisibomoke, na tuliikata kwenye kisima cha maji upande wa mashariki wa Mlima Meru, njia ya kwenda Kikatiti. Pitisha kidole ndani: laini. Sasa pitisha nje. Hivyo vishimo ni kutu, na kimoja kimetoboka mpaka kalamu inapita.

Kisima kile kilipita kwanza kwenye tabaka la juu lenye maji ya floridi nyingi. Nikiwa Arusha sina haja ya kueleza floridi ni nini, meno ya watoto wetu yenye madoa yanaeleza. Tuliyataka maji ya chini zaidi, ambayo vipimo vilionyesha kuwa afadhali. Ili maji mabaya yasishuke, nafasi kati ya kesingi na ukuta wa shimo inajazwa simenti. Mkandarasi akamwaga mifuko michache, akaandika kwamba shimo limezibwa. Mimi ndiye niliyesaini kwa upande wa mradi. Nilisimama juu ya ardhi nikatazama mdomo wa kisima, ukiwa safi na zege lake limekaa vizuri, nikasaini. Baada ya miaka minne wanawake wa pale wakaanza kusema maji yamebadilika ladha. Tulipeleka sampuli maabara, tukashusha kamera, na hicho mnachokishika ndicho tulichokikuta.

Sitaacha kukibeba kipande hicho. Kisima huanza kuharibika kwa nje ya bomba, huko chini, mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama. Na saini yangu haikuzuia hata tone.

Sasa chukueni kisima hicho, kirefusheni hadi zaidi ya mita 2,600, na badala ya maji tieni gesi yenye presha karibu mara tisini ya ile ya tairi la gari. Hapo mmefika California, kwenye kisima kinachoitwa SS-25, katika hifadhi ya gesi ya Aliso Canyon, juu kidogo ya mtaa wa Porter Ranch, Los Angeles.

Kwanza nieleze hifadhi yenyewe, maana wengi hudhani ni tangi kubwa lililofukiwa. Hakuna tangi. Ni mwamba wa mchanga wenye vitundu vidogo, ambamo zamani kulikuwa na mafuta au gesi, na juu yake kuna mwamba mzito usiopitisha kitu. Mafuta yakishatolewa, vitundu vinabaki. Kampuni inashindilia gesi humo wakati matumizi yako chini, na baridi ikija inaitoa. Kwingine wanatumia mapango yaliyochongwa kwenye chumvi kwa kuiyeyusha kwa maji. Mwamba wenyewe umeshika mafuta na gesi kwa mamilioni ya miaka, na kwa kawaida si wa kutiliwa shaka. Mashaka yako kwenye mashimo tuliyoutoboa sisi.

SS-25 kilichimbwa mwaka 1953 kama kisima cha mafuta. Miaka ya 1970 kikageuzwa kuwa cha kuhifadhia gesi, na chuma chake kikabaki kilekile. Ndani ya kesingi ya inchi saba kulikuwa na bomba jembamba. Utaratibu wa tahadhari ni gesi ipite kwenye bomba jembamba peke yake, chini kuwe na kizibo kinachofunga nafasi kati ya mabomba mawili, na nafasi hiyo ibaki bila kazi nyingine ila kupimwa presha. Bomba la ndani likivuja, presha ya nafasi inapanda, unajua mapema, na kesingi bado ipo kukulinda. Aliso Canyon walipitisha gesi kote kuwili, bombani na kwenye nafasi, ili itoke nyingi kwa haraka. Kwa hiyo kati ya gesi na udongo kulikuwa na unene wa chuma kimoja tu. Kulikuwa pia na vali ya usalama karibu na sakafu ya kisima. Iliondolewa mwaka 1979, haikurudishwa. Kanuni za wakati ule zilidai vali ya namna hiyo kwa kisima kilicho karibu sana na majengo, kama mita 90. Hiki hakikuwa karibu kiasi hicho, kwa hiyo kwenye karatasi hakikuwa cha hatari.

Tarehe 23 Oktoba 2015 wafanyakazi wakagundua kinavuja. Wakajaribu kukizima kwa kusukuma majimaji mazito ndani, mara moja, mara mbili, mpaka mara saba, na gesi ikayatupa nje. Ikabidi kuchimba kisima kingine pembeni, kishuke na kukilenga kile cha kwanza karibu na sakafu yake. Kwenye giza la zaidi ya mita 2,500, unatafuta bomba la inchi saba! Walilipata tarehe 11 Februari 2016. Kwa miezi hiyo karibu minne zilitoka takriban tani 97,100 za methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, kwa hesabu ya watafiti waliokuwa wakipita juu na ndege kupima. Familia zaidi ya 8,000 zilihama nyumba zao. Watu waliumwa kichwa, wakatoka damu puani, kwa ile harufu ya yai viza inayotiwa kwenye gesi ili ijulikane ikivuja.

Wachunguzi walipotoa ripoti Mei 2019, walionyesha kesingi ilikatika mita 272 kwenda chini. Ilikuwa imeliwa kwa nje. Maji ya ardhini yalikuwa yameigusa, na vijidudu wanaoishi kwenye maji hayo wakasaidia kuila. Wenye kipande changu mkononi, ndiyo, kwa nje. Ripoti ikasema na jambo lililonikosesha usingizi: kesingi za hifadhi hiyo zilikuwa zimevuja zaidi ya mara 60 tangu miaka ya 1970, na hakuna mvujo hata mmoja uliofanyiwa uchunguzi wa chanzo. Kila mara walitengeneza, wakaendelea.

Sasa niingie kwenye kanuni, maana ndiyo iliyonileta.

Mpaka wakati huo serikali kuu ya Marekani ilikuwa na kanuni za mabomba ya juu ya ardhi, lakini kwa shimo lenyewe, kuanzia mdomo kwenda chini, haikuwa na hata moja. Ilikuwa imewaachia majimbo. Wala si kwamba hawakuonywa. Januari 2001, katika mji wa Hutchinson, jimbo la Kansas, gesi ilivuja kwenye kesingi ya hifadhi ya chumvi, ikasafiri chini ya ardhi kilomita kama 11, ikaibukia mjini kupitia visima vya zamani vya maji ya chumvi ambavyo watu walikuwa wamevisahau. Siku ya kwanza ikalipua maduka. Siku ya pili ikaua watu wawili nyumbani kwao, watu ambao hawakuwa na habari kwamba kuna kisima cha gesi popote karibu.

Kansas ikaandika kanuni kali. Mwaka 2010 mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba hifadhi zinazohudumia biashara ya gesi kati ya majimbo hazimo mikononi mwa jimbo, zimo mikononi mwa serikali kuu. Na serikali kuu, kama nilivyosema, haikuwa imeandika kitu. Jimbo likaondoka kazini kwa amri ya mahakama, serikali kuu haikuwa imefika, na visima vikaendelea kujazwa na kutolewa gesi miaka yote hiyo bila mkaguzi wa shimo.

Baada ya Aliso Canyon Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2016, na Desemba mwaka huo kanuni za muda zikatoka. Zilichukua miongozo iliyotungwa na taasisi ya wenye viwanda vya mafuta na gesi wenyewe. Si mbaya, wanaoijua kazi ndio walioiandika. Ila miongozo ina maneno mawili: kwingine inasema "lazima", kwingine inasema "inafaa". Kanuni za muda zikasema kila palipo na "inafaa" pasomwe "lazima", isipokuwa kampuni ieleze kwa maandishi, kwa hoja za kihandisi, kwa nini haitafanya. Kampuni zikapinga. Kanuni za mwisho zilipotoka Februari 2020, "inafaa" ikarudi kuwa "inafaa".

Vijana, msilipite neno hilo haraka. Kwenye mkataba wangu wa Kikatiti iliandikwa kwamba inafaa simenti ishuke mita 20. Mkandarasi alilisoma neno vizuri kuliko mimi. Inafaa maana yake fedha ikipungua, hicho ndicho kinachokatwa kwanza. Kwa maoni yangu kanuni ya 2016 ilikuwa bora: haikumfunga mhandisi, ilimtaka tu aandike sababu na aweke jina lake chini yake. Pia kanuni za mwisho za 2020 ziliwapa wenye hifadhi za zamani hadi 2027 kumaliza kukagua visima vyote kwa mara ya kwanza. Nchi ambayo karibu visima vinne kati ya vitano vya kuhifadhia gesi vilikamilishwa kabla ya 1980 haina muda huo wa kungoja.

California haikungoja. Kanuni zake zilizoanza Oktoba 2018 hazikubali tena chuma kimoja, bomba na kizibo ni sharti. Kila mwaka kifaa kinashushwa kisimani kupima joto na kusikiliza sauti, kwa sababu gesi inayovuja hupoza mahali inapopitia na hutoa mlio. Na angalau kila miezi 24 unene wa kesingi unapimwa, kutoka juu mpaka chini. Hapo ndipo mkaguzi anapoona nje ya bomba akiwa amesimama juu.

Mwanafunzi mmoja ameniuliza mlangoni, nikamwambia nitamjibu mbele ya wote: "Mwalimu, sisi Tanzania hatuna hifadhi ya gesi ya chini ya ardhi, hayo yanatuhusu nini?" Kweli hatuna. Tuna visima vya kutoa gesi, Songo Songo tangu 2004, na Mnazi Bay. Bomba kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015, mwezi uleule SS-25 ilipopasuka. Lakini nchi inayowasha sehemu ya umeme wake kwa gesi ya bomba itafika siku ya kujiuliza gesi ya akiba ikae wapi, na miamba iliyokwisha kutolewa gesi itakuwa ya kwanza kutazamwa, pamoja na visima vyake vya zamani.

Sheria yetu ya Petroli ya 2015 imegawa kazi kati ya mamlaka mbili za udhibiti. PURA inadhibiti mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji. EWURA inadhibiti mkondo wa kati na wa chini, usafirishaji na uuzaji. Mgawanyo ni mzuri. Ila kisima cha kuhifadhia kina mwili wa mkondo wa juu na biashara ya mkondo wa kati. Wanaojua kusoma kipimo cha kesingi wako upande mmoja, na leseni ya kuhifadhi inaangukia upande mwingine. Kansas walipotelea hapohapo, katikati ya ofisi mbili zenye watu wazuri. Ningependa iandikwe mapema, kabla ya mtambo wa kuchimba haujafika, kwamba mkaguzi wa shimo ni fulani, anaingia bila kuomba ruhusa, na kila mvujo, hata uliozibwa siku hiyohiyo, unachunguzwa chanzo na ripoti yake inawekwa mahali ambapo mwenyeji wa kijiji anaweza kuisoma kwa Kiswahili.

Na nafasi ile kati ya mabomba mawili, presha yake isomwe muda wote kwa kipimo kinachopiga kengele, si mtu kupita na daftari mara moja kwa wiki.

Mzee pale nyuma amenyoosha mkono. Anauliza kile kisima cha Kikatiti kikoje sasa. Tulikifunga, mzee wangu. Tulikijaza simenti kutoka chini mpaka juu, na safari hii nilihesabu mifuko mmoja mmoja nikiwa na diwani wao pembeni. Kipya kiko mita chache tu kutoka pale, na maji yake yanapimwa kila baada ya miezi sita. Karatasi ya vipimo inabandikwa kwenye kioski cha maji.

Kipande changu kimefika wapi? Naomba kirudi mbele. Kesho asubuhi nakwenda nacho Moshi.