Kupima Athari ya Deksamethasoni kwa Metalothioneini katika Seli za Ini

Ndugu mtazamaji, karibu. Leo tunapima jinsi homoni za steroidi zinavyolichochea ini kutengeneza metalothioneini, protini ndogo inayoshika zinki, shaba na kadimi. Protini hii iliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957 kutoka kwenye figo za farasi. Ina asidi amino zipatazo 61, na 20 kati ya hizo ni sisteini. Salfa yake ndiyo inayoshika metali, hata molekuli moja ikaweza kubeba ioni 7 za zinki au za kadimi. Tutatumia seli za ini la panya wa maabara na deksamethasoni, steroidi ya kutengenezwa inayofanya kazi kama kotisoli, homoni ya steroidi ya mwili wenyewe.

Kabla ya kugusa pipeti, soma lebo ya kiowevu cha kukuzia. Viowevu vingi vya seli za ini huja na deksamethasoni ndani yake, kwa kuwa huzisaidia seli kudumisha umbo na kazi zake, na seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, nayo hubeba steroidi za mnyama ilikotoka. Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika mapema: seli unazodhani hazijapewa homoni huwa zimekwisha kuipata. Kwa hiyo, seli zikishajishika kwenye sahani, zisuuze kwa kiowevu kisicho na homoni, kisha ziache humo usiku mzima. Ukilazimika kutumia seramu, iwe imepitishwa kwenye mkaa unaoondoa steroidi.

Sasa gawa visima vya sahani yenye seli katika makundi. Kundi la kwanza lipate ethanoli peke yake, la pili deksamethasoni, la tatu zinki, la nne vyote viwili, na la tano deksamethasoni pamoja na mifepristoni, dawa inayoizuia homoni hii kufanya kazi. Yeyusha deksamethasoni kwenye ethanoli hadi milimola 1 kwa lita, kisha izimue mara 10,000 ndani ya kiowevu. Utapata nanomola 100 kwa lita, na ethanoli itakuwa asilimia 0.01 tu. Kiasi hicho hicho cha ethanoli kiwe katika kila kisima.

Makundi haya yana sababu. Deksamethasoni hupenya utando wa seli, hushikana na kipokezi chake, yaani protini inayoipokea, na kipokezi hicho huingia kwenye kiini na kukaa juu ya DNA. Katika jeni ya metalothioneini ya binadamu iitwayo MT-IIA, mahali hapo ni karibu bezi (herufi za DNA) 250 kabla ya jeni kuanza kunakiliwa. Zinki hupita njia nyingine, kwa protini iitwayo MTF-1, inayowasha jeni za metalothioneini zinki inapoongezeka. Lakini deksamethasoni pia huzifanya seli za ini zivute zinki zaidi kutoka nje, na kwa hiyo njia hizo mbili huchanganyika usipozitenganisha kwa makusudi.

Baada ya saa 6, chukua sampuli za kupima RNA, yaani nakala, ya jeni ya metalothioneini. Za protini zisubiri hadi saa 24.

Kipimo cha protini kinatumia kadimi yenye mnururisho, basi vaa glavu, fanyia kazi katika eneo lililoidhinishwa, na usimwage chochote kwenye sinki. Vunja seli, zichemshe, uzizungushe kwenye sentrifugi, kisha chukua maji ya juu, kwa sababu metalothioneini hustahimili joto linalogandisha protini nyingi nyingine. Ongeza kadimi, subiri dakika 10, halafu weka himoglobini, ambayo hukamata kadimi iliyobaki huru. Chemsha kwa dakika 2, poza kwenye barafu, zungusha tena. Himoglobini itaganda na kushuka chini kama tope la kahawia, na maji ya juu yatakuwa maangavu kabisa. Yakibaki na wekundu hata kidogo, usiyapime, rudia hatua ya himoglobini. Kadimi iliyobaki kwenye maji hayo, ukishatoa ile ya mrija usio na sampuli, igawe kwa 7 upate idadi ya molekuli.

Unaposoma matokeo, anza na kundi la mifepristoni. Dawa hii huzuia kipokezi, kwa hiyo ongezeko likizimika humo, chanzo chake ni homoni kupitia kipokezi. Kisha linganisha RNA na protini katika kundi la deksamethasoni peke yake. RNA ikipanda sana na protini ikapanda kidogo, kagua zinki iliyomo kwenye kiowevu, maana metalothioneini isiyobeba metali huvunjwa haraka ndani ya seli.