Mdudu kijiti mwenye miba, usimtambue kwa rangi

Shikamooni wazee, vijana mambo vipi. Sogeeni mbele basi, maana projekta yenyewe leo mwanga wake kama koroboi.

Mdudu kijiti mnamjua, unapalilia chini ya mkorosho unashika kijiti kumbe kina miguu sita kinaondoka zake. Msimchanganye na vunjajungu lakini, yule anakula wenzie, huyu ni majani tu. Sasa leo naongelea wale wa mbali, Australia, Malesia, New Guinea huko, wana miba utadhani mtu katembeza mchongoma.

Rangi ndo inapoteza watu. Mi mwenyewe niliona picha mbili, mmoja mnene mabawa yake vidude tu, mwingine mwembamba ana mabawa marefu ya kurukia, nikaandika aina mbili, kumbe mtu na mkewe! Huyo ni Extatosoma tiaratum wa Australia. Jike ndo yule mnene, ana vimiba kichwani kama taji, miguu imetanuka kama majani makavu, na ukimgusa anakunja mkia juu kama nge, mtu unakimbia bure, sumu hana. Wengi wao ni kahawia, ila wapo weupe-weupe kama ukungu wa kwenye magome, sa rangi itakusaidia nini?

Huyu wa kijani ni Heteropteryx dilatata wa Malesia, jike, sentimita 15 hivi, mzito kweli, kijibawa kifupi kama kizibao. Wapo na wa njano. Angalia miguu ya nyuma hapo, akichokozwa anainyanyua anakubana nayo kama mkasi na ile miba yote, damu itatoka. Alafu cheki mkia, umechongoka, ni wa kuchomekea mayai udongoni. Yule wa Australia hachimbi, yeye anayarusha tu chini, ndo maana mkia wake butu.

Wa mwisho Eurycantha calcarata wa New Guinea, dume na jike wote hawana bawa hata moja. Dume humkosei: paja la nyuma limevimba, na kwa chini umetoka mwiba mmoja mnene, umepinda.

Naam mzee wangu wa Msangamkuu? ... Eeh, umeona mbali, ni ndoana kabisa! Wenyeji wa kule walikuwa wanaukata wanavulia samaki kweli. Hapana mzee, huku kwetu hayupo, we endelea na za dukani.