Kisu, mchanga na lakiri: mezani pa mwandishi wa barua

(Mhadhara kwa wanafunzi wa historia, Lubumbashi)

Jambo sana, baba na mama, na ninyi wanafunzi. Kila mmoja hapa ana biki mfukoni, na sidhani kuna aliyekuja na kisu, mchanga wala lakiri, ile nta ngumu ya kufungia barua. Zamani mwandishi wa barua alivihitaji vyote, kwani kila kifaa kilikuwepo ili kutibu kasoro ya kingine.

Tuanze na wino, maana ndio uliosumbua wengine wote. Ulaya, kwa zaidi ya miaka 1,000, ule wa kawaida ulitokana na vinundu vya mti wa mwaloni, vinavyoota pale nyigu fulani anapotaga mayai yake. Vinundu vilipondwa, vikalowekwa, vikatiwa salfeti ya chuma, na gundi ya mgunga ili wino usitiririke. Ukiandika unatoka hafifu, halafu hewa inaukoleza hadi mweusi. Kuufuta ni shida. Lakini una asidi, na ninyi mliokulia karibu na viwanda vya shaba, asidi mnaijua! Nibu, yaani ncha za kalamu, za chuma kutoka Birmingham, Uingereza, zilizotengenezwa kwa mamilioni karne ya 19, ziliota kutu zikatupwa. Ndiyo maana kalamu za bei zikawekewa nibu ya dhahabu. Unyoya wa bata bukini haukuogopa asidi, ila ulichakaa upesi, na kile kisu kidogo kazi yake ilikuwa kuuchonga upya. Waandikao kwa mkono wa kulia walipenda manyoya ya bawa la kushoto: yanapinda kwa nje, hayakuzibi macho.

Wino mbichi ulinyunyiziwa mchanga laini, baadaye ikaja karatasi ya kukaushia. Biki ya Marcel Bich, Ufaransa 1950, iliondoa karibu yote haya kwa kigololi kimoja na wino mzito wa mafuta.

Inabaki lakiri. Kabla bahasha hazijaenea, barua ilikunjwa yenyewe, ikadondoshewa lakiri ya moto, ikapigwa muhuri. Haikumzuia mtu kufungua, ilimfichua tu. Na njia ndiyo iliyokuwa na hatari. Mwaka 1891 Msiri, mtawala wa ufalme wa Garanganze hapa Katanga, pale Bunkeya, alimwandikia Mwingereza Alfred Sharpe kumwita arudi. Barua ikanaswa njiani na Kapteni Stairs, aliyekuwa akija kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, Msiri akauawa kwa risasi.